Chungu cha Nyumbani

Askari arudipo likizo Rumonge, mara nyingi hupitia kwanza dukani, akanunua biskuti na soda ili watoto wafurahi. Nia yake ni njema, lakini mshahara hupungua na watoto hawashibi. Yafaa tukumbuke kwamba mwambao wa Ziwa Tanganyika una hazina yake: mawese na dagaa.

Maharage yakishaiva, kaanga kitunguu katika mawese, tia dagaa wakavu waliooshwa, kisha changanya yote, uyale kwa ugali wa muhogo. Dagaa huliwa pamoja na miiba yake, ndipo mtoto apatapo kalsiamu ya kujenga mifupa. Na wekundu wa mawese huupa mwili vitamini A, ilindayo macho. Kwa hiyo mafuta yasiunguzwe mpaka yakawa meupe, maana faida hiyo hupotea. Kwa utamu, ndizi mbivu za kukaanga zatosha, wala hazihitaji sukari.

Wako wasemao kwamba jiko si kazi ya mwanamume. Mbona kambini wanaume hupika, wala hakuna aliyevuliwa cheo kwa sababu hiyo? Basi, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, mlinzi wa taifa na ailinde pia sahani ya mwanawe.