BENDERA SI SANDUKU LA AGANO



Ile video ya Chuo Kikuu cha North Carolina imerudi tena kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Washirika wengi wamenitumia, na kila mmoja ameongeza lake: "Pastor, ona maadui wa Mungu." "Pastor, siku za mwisho hizi." Kuna mmoja ameweka bendera kumi na mbili za Israeli kwa mstari, nadhani moja kwa kila kabila.

Sasa nisikilize, hata kama ukimaliza kusoma utaacha kunifuata.

Tarehe 30 Aprili 2024, pale Chapel Hill, polisi walivunja asubuhi kambi ya wanafunzi waliokuwa wakipinga vita vya Gaza. Baadaye siku hiyo waandamanaji wakashusha bendera ya Marekani kwenye mlingoti wa chuo, wakapandisha ya Palestina. Kaimu mkuu wa chuo akaja na polisi kuirudisha ya Marekani. Vurugu zikazuka tena, na wanafunzi wengine wakaishika ile ya Marekani kwa mikono yao isiguse chini. Siku tatu kabla ya hapo, bendera za Palestina zilikuwa zimepandishwa Harvard pia, juu ya sanamu ya John Harvard.

Unajua kilichofuata? Watu walichanga mtandaoni zaidi ya dola 500,000 ili wale vijana walioshika bendera wafanyiwe sherehe. Sherehe! Asubuhi mazungumzo yalikuwa ya watu wanaokufa. Kufikia jioni yalikuwa ya kitambaa. Na aliyeishusha ile bendera hakuwasaidia watu wa Gaza hata kidogo: aliyekuwa hataki kusikia habari zao alipewa habari nyingine ya kuzungumzia.

Lakini mimi si mchungaji wa Chapel Hill. Nakuchunga wewe, na wewe uliona rangi za bendera ukajua wa kumchukia kabla hujauliza ni nani analia.

Hiyo bendera ya Israeli unayoibusu ilikubaliwa Oktoba 1948. Daudi hakuwahi kuiona. Sulemani hakuitundika hekaluni. Ni bendera ya serikali, kama yetu ya 1963, na serikali hukosea. Hiyo ya Palestina unayoiita ya mpinga Kristo ina rangi zile zile za bendera ya Kenya: nyeusi, nyekundu, nyeupe na kijani. Na chini yake wako watu wanaoomba kwa jina la Yesu. Bethlehemu unayoiimba kila Krismasi iko Ukingo wa Magharibi, na ina Wakristo Wapalestina mpaka leo. Oktoba 2023 shambulio la ndege za Israeli liliangusha jengo katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Porfirio mjini Gaza, wakafa Wakristo waliokuwa wamekimbilia hapo. Uliwaombea? Au ulisubiri kwanza kujua bendera yao?

Na wewe kijana wa chuo unayewaona Hamas kuwa wakombozi, usicheke. Tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa vijana wawili Watanzania waliokuwa wameenda Israeli kujifunza kilimo. Waswahili wenzetu, watoto wa jirani. Nani kati yenu aliweka bendera ya Tanzania kwenye simu yake wiki ile?

Najua mtaniletea Zaburi 122. Amani ya Yerusalemu naiombea, na Yerusalemu wanaishi Wayahudi na Waarabu. Mtaniletea Mwanzo 12:3. Usome mpaka mwisho wake, uone baraka ile inafika kwa jamaa ngapi za dunia.

Kisha fungua Yoshua 5. Karibu na Yeriko, Yoshua anakutana na mtu mwenye upanga mkononi, anamuuliza: wewe ni wetu au wa adui zetu? Anajibiwa la. Yule alikuwa amiri wa jeshi la Bwana! Yoshua mwenyewe hakuambiwa "mimi ni wenu". Wewe uliye Kayole na bando ya shilingi ishirini, umeambiwa na nani?

Niseme na hili, linaniuma. Juni 2024 watoto wetu walijitanda bendera ya Kenya barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Wengi wenu mnaolilia bendera za watu leo, mlikaa kimya wiki nzima.

Kwa hiyo ile bendera iliyotundikwa kando ya mimbari yetu itashushwa kabla ya Jumapili. Wazee wa kanisa wanajua. Aliyeileta ataikuta ofisini, imekunjwa vizuri, na ninamheshimu.

Ijumaa tuna kesha, tunaanza saa tatu usiku. Njoo na jina la Myahudi mmoja na la Mpalestina mmoja. Tutawaombea kwa majina.