Zimwi Likujualo



Wazee wetu walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Juma hili tumeona vema kuitafakari methali hiyo kwa kumtazama kiumbe mdogo sana: buibui.

Buibui walio wengi huishi peke yao, na mwenye nguvu akimkuta aliye dhaifu huweza kumla. Hata hivyo, makumi, pengine mamia, ya watoto hutoka katika kifuko kimoja cha mayai, wakabanana siku kadhaa bila kudhuriana. Mwanzoni hulishwa na akiba ya kiini cha yai iliyobaki miilini mwao, hivyo hawana haja ya kuwinda. Kisha hutawanyika, wa aina nyingi hutoa uzi mwembamba na kupeperushwa na upepo.

Ni rahisi kudhani kwamba hukimbiana kwa sababu wameanza kuchukiana. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Toulouse, nchini Ufaransa, walichapisha majaribio yao juu ya buibui aitwaye Agelena labyrinthica, wakaonyesha kinyume chake. Waliolelewa pamoja waliendelea kuvumiliana hata baada ya umri wa kutawanyika. Waliotengwa, kila mmoja peke yake, ndio waliowashambulia ndugu zao walipokutanishwa tena. Basi uhasama haukuleta utengano; utengano ndio uliozaa uhasama.

Mwanadamu si buibui. Yeye amepewa akili na hiari. Lakini ni nani kati yetu asiyeijua familia ya namna hii? Ndugu walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja. Kisha kazi na ndoa zikawatawanya, bila ugomvi wowote. Miaka ikapita pasipo kutembeleana. Siku ya kuligawa shamba la marehemu baba, wakakutana kama wageni, na kila mmoja akamwona mwenzake kuwa mnyang'anyi.

Nasi tunaoitwa kusuluhisha twakiri kosa letu: hufika wakati maneno makali yamekwisha kutamkwa. Tungepaswa kuhimiza mapema kwamba ndugu watembeleane wakati hakuna msiba, wala mali ya kugawana.

Kutawanyika si dhambi. Maisha yanadai hivyo. Hatari ni kuacha kujuana. Zimwi hukubakiza kwa kuwa linakujua. Ndugu asiyekujua tena, atakubakiza kwa sababu gani?

Juma hili, tumtafute ndugu mmoja ambaye hatuna shida naye yoyote, tukamjulie hali tu.