Tuulizane Mapema Juu ya Kaburi

Liko jambo moja ambalo hapa Pemba hatupendi kulizungumza nyumbani, nalo ni mahali mtu atakapozikwa. Mtoto akiuliza, huambiwa anawaombea wazee mauti. Kwa maoni yangu kimya hiki kina hatari, na hatari yake ilikwisha kuonekana kwa jirani zetu wa Kenya.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki Nairobi wakili mashuhuri, S. M. Otieno. Yeye alikuwa Mjaluo, na mkewe, Wambui, alikuwa Mkikuyu. Mjane alitaka kumzika mumewe Upper Matasia, karibu na Ngong, penye shamba lao. Ndugu wa marehemu na ukoo wake wa Umira Kager walitaka azikwe Nyalgunga, huko Siaya, kwa wazee wake. Wakafikishana mahakamani. Kila upande ulileta mashahidi wa kueleza marehemu alisema nini kwa kinywa chake. Hawa wakataja huku, na wale wakataja kule. Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi kwa kufuata mila ya Kijaluo, na tarehe 23 Mei Otieno akazikwa Nyalgunga. Tangu kufa hata kuzikwa zilipita siku 154. Mjane hakuhudhuria mazishi.

Ajabu ni kwamba marehemu alikuwa mwanasheria, mtu aliyeishi kwa kalamu, lakini hakuacha wasia wa maandishi.

Mtu aweza kusema, “Hayo ni ya wenzetu. Sisi tumeamrishwa kuharakisha maziko.” Ni kweli. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki Dar es Salaam tarehe 17 Februari 2021, na kesho yake alizikwa kwao Mtambwe, ingawa ilibidi kuvuka bahari. Lakini haraka humfaa maiti. Haiwapatanishi walio hai. Siku hizi jamaa zetu wengi wanaishi Unguja, Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Maskati. Mmoja wao akifa Tanga, ami yake aliyeko Micheweni husema aletwe kwao. Mkewe husema azikwe huko huko, watoto wapate kumzuru baba yao. Nafasi ya kushauriana ni saa chache tu, na mwenye sauti kubwa katika simu ndiye ashindaye. Aliyeshindwa hendi mahakamani. Hunyamaza na donge lake moyoni, na donge hilo hutoka siku ya kugawa urithi.

Tena kuna jambo la fedha. Katika mirathi yetu gharama za maziko hutolewa mwanzo katika mali ya marehemu, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wapate fungu lao. Basi maiti akisafirishwa kwa ajili ya fahari ya ukoo, huenda anayelipa ni yatima. Na wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na watu wengi hapa kwetu, hawapendi maiti ahamishwe kutoka mji hadi mji.

Kwa hiyo naona yafaa mambo matatu. Kwanza, kila mtu mzima aseme matakwa yake angali na afya, mbele ya mkewe au mumewe na mbele ya ndugu zake pamoja, na maneno hayo yaandikwe na kushuhudiwa. Akisema kwa upande mmoja tu, amewaachia watu ugomvi. Pili, kama hakusema, mke na watoto waulizwe kwanza, wasiwe watu wa kupewa habari. Mke aliyemuuguza mumewe si mgeni penye maziko yake. Tatu, wakishindwa kupatana, azikwe pale alipofia. Ardhi yote ni ya Mungu, na dua haihitaji nauli.

Wazee wetu wengine watachukia kuulizwa. Na waulizwe kwa adabu, wakati wa utulivu, si wakati wa ugonjwa. Sisi wanafunzi ndio tuliofundishwa kuandika. Likizo hii tukirudi nyumbani, tukae nao, tuwasikilize, na tuwaandikie wasemalo.