Kihisi kisicho na betri kinamtegemea nani?

Miongoni mwa mambo yanayosifiwa sana katika tiba ya siku hizi ni vifaa vidogo vinavyopandikizwa mwilini mwa mgonjwa, vikapima hali ya viungo vyake pasi na kuwa na betri wala waya wa kuviunganisha na nje. Sifa hizo si za bure. Hata hivyo, sisi tunaofundisha lugha tumezoea kulitazama neno mara mbili kabla ya kulikubali, na neno linalonishughulisha hapa ni dogo mno: bila. Tunaambiwa habari za kihisi bila betri, kipimo bila waya. Neno hilo hututajia kisichokuwapo. Halitutajii kilichochukua nafasi yake. Hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Kwanza tuitendee haki teknolojia yenyewe. Tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm nchini Uswidi, daktari mpasuaji Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson kidhibiti mapigo ya moyo kilichobuniwa na mhandisi Rune Elmqvist. Larsson ndiye mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa cha aina hiyo. Kifaa hicho kilizimika baada ya saa chache, akawekewa kingine. Alifariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kubadilishiwa vifaa zaidi ya 20, na baada ya mhandisi na daktari wake wote wawili kumtangulia. Hiyo ni hadithi ya ushindi, lakini pia ni hadithi ya kisu. Hata leo betri ya kidhibiti mapigo hudumu miaka 5 hadi 15 hivi. Ikiisha, ngozi hupasuliwa upya. Aidha, betri huchukua nafasi kubwa ndani ya kifaa, na kemikali zilizomo hazistahili kuvujia mwilini. Mtaalamu anayetaka kuweka kipimo kidogo mahali pembamba, tuseme ndani ya mshipa wa damu au ndani ya jicho, hana budi kuiacha betri nje.

Kanuni inayomwezesha kufanya hivyo haikuzaliwa jana. Michael Faraday aliibainisha mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika koili iliyo karibu, hata kama koili hiyo haikuunganishwa na waya wowote kutoka nje. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni hii darasani. Wengi wetu tunaibeba mfukoni bila kujua. Kadi ya benki inayolipa kwa kusogezwa tu karibu na mashine haina betri. Kadhalika pasipoti za kielektroniki zilizoanza kutolewa nchini mwaka 2017. Mashine ya kuzisomea ndiyo inayozirushia nguvu, na papo hapo kupokea jibu. Katika tiba nako wazo hili lina umri: mwaka 1967 Carter Collins alichapisha maelezo ya kihisi kidogo kisicho na betri, cha kupimia shinikizo ndani ya jicho.

Mfano ulio wazi zaidi katika zama zetu ni kihisi kiitwacho CardioMEMS, kilichoanzia Atlanta, Marekani, na kuidhinishwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo mwezi Mei 2014. Urefu wake ni milimita 15 hivi. Ndani yake mna koili na kapasita, basi. Daktari hukipitisha kwa mrija mwembamba kutoka mshipa wa paja hadi kwenye ateri inayopeleka damu mapafuni, akakiacha humo maisha. Kila siku mgonjwa hulala nyumbani juu ya mto wenye antena. Antena hurusha mawimbi ya redio, kihisi nacho huitikia.

Huitikiaje? Mpiga ngoma atatuelewa haraka. Ngozi iliyowambwa barabara hutoa mlio mmoja, na ikilegea hutoa mwingine. Anayejua kusikiliza ataijua hali ya ngozi kwa kuigonga tu, na ngoma yenyewe haihitaji nguvu yoyote ya ndani ili ilie. Kihisi hiki nacho kina kiwambo. Shinikizo la damu likipanda, kiwambo husukumwa, kapasita hubadilika, na masafa ambayo kihisi huitikia kwayo hubadilika pia. Mashine iliyo nje hugonga, husikiliza, kisha hutafsiri mlio huo kuwa shinikizo.

Manufaa yake yamepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 550 wa moyo nchini Marekani walipandikizwa kihisi hiki. Wote walipandikizwa. Tofauti ilikuwa kwamba kwa kundi moja madaktari waliyaona masomo ya kila siku na kurekebisha dawa kufuatana nayo, ilhali kwa kundi la pili hawakuyaona. Baada ya miezi sita, kulazwa hospitalini kwa sababu ya maradhi hayo kulikuwa kumepungua kwa asilimia 28 katika kundi la kwanza likilinganishwa na la pili. Shinikizo katika ateri hiyo huweza kuanza kupanda siku nyingi kabla ya mgonjwa kuvimba miguu au kukosa pumzi, na dawa za kupunguza maji mwilini zikiongezwa mapema, safari ya hospitalini huepukwa.

Natumai msomaji ameliona funzo lililojificha katika takwimu hizo. Makundi yote mawili yalibeba kifaa kile kile, kikiwa na uwezo ule ule. Aliyepata nafuu ni yule ambaye mlio wa kifaa chake ulisikilizwa na mtu mwenye ujuzi, kisha mtu huyo akatenda. Kihisi kisichosomwa ni kama barua isiyofunguliwa.

Kwamba nguvu na maarifa ya kifaa cha namna hii vimo mkononi mwa aliye nje, historia imetuonyesha kwa mfano usiohusu tiba hata kidogo. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mti. Aliitundika nyumbani kwake. Ndani ya nembo mlikuwa na kinasa sauti kilichobuniwa na Leon Theremin, kisichokuwa na betri wala waya. Majasusi walipokielekezea mawimbi ya redio kutoka nje, kiliamka na kurudisha mazungumzo ya chumbani; walipoyazima, kililala. Kiligunduliwa mwaka 1952. Mwenye nyumba alikuwa nacho ukutani kwa miaka saba, lakini hakuwa mwenyewe. Mwenyewe alikuwa aliyeshika mawimbi.

Mimi sidai kwamba madaktari ni majasusi. Ninachodai ni kwamba kifaa kisicho na betri si kifaa kinachojitegemea. Kinyume chake, hakuna kifaa kinachotegemea zaidi kuliko hicho, na Waswahili walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wale waliopandikizwa Argus II wanaujua ukweli huu. Hicho kilikuwa kifaa cha kampuni ya Second Sight ya California, kilichowapa baadhi ya vipofu uwezo wa kutambua mwanga na maumbo. Sehemu iliyopandikizwa jichoni haikuwa na betri. Nguvu na taswira viliingia kwa koili kutoka kwenye miwani yenye kamera na mashine iliyovaliwa kiunoni. Watu zaidi ya 350 duniani waliwekewa kifaa hicho. Mwaka 2019 kampuni iliamua kuachana nacho, na mwaka 2020 ikawaachisha kazi wafanyakazi wake wengi. Kifaa cha nje kikiharibika, pa kukipeleka hapakuwapo tena pa hakika. Watu wakabaki na kitu jichoni ambacho hakikuishiwa na betri, bali kiliishiwa na wenyewe.

Hata CardioMEMS, ambacho bado kinatumika na kinahudumiwa, kilikwisha kubadilisha mikono. Kampuni iliyokibuni ilinunuliwa na St. Jude Medical mwaka 2014, nayo St. Jude ikanunuliwa na Abbott mwaka 2017. Wagonjwa hawakupata hasara kwa hilo. Lakini mgonjwa aliyeridhia kupandikizwa mwanzoni mwa 2014 aliridhia mkataba ambao upande wake wa pili ulibadilika mara mbili kabla ya miaka minne kupita.

Hapa ndipo isimu inapoingia, maana ridhaa ni tendo la lugha. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu kumweleza mgonjwa hali yake, njia za matibabu, manufaa, hatari na gharama, tena kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inazihesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa data nyeti. Sheria ni nzuri. Je, lugha tunayo tayari?

Tuchukue neno presha. Katika mazungumzo ya kila siku presha ni ugonjwa: fulani ana presha. Mgonjwa akiambiwa kwamba kihisi kitampima presha, atadhani ni ile inayopimwa mkononi, aulize kwa nini apasuliwe kwa jambo ambalo zahanati hulifanya kwa dakika moja. Wala hatakuwa amekosea. Lugha aliyopewa ndiyo iliyompotosha. Au tutazame ule msemo wa moyo kushindwa kufanya kazi. Kwa daktari, maana yake ni kwamba moyo umedhoofika, hausukumi damu ya kutosha. Kwa mwenye moyo huo, aliyeshindwa kafika mwisho. Kisha huja bila betri, naye huelewa kwamba ameondokewa na kila mzigo wa kukitunza, kumbe mzigo umehamishiwa kwenye mto ulio kitandani, kwenye umeme wa nyumbani unaokatika, kwenye mtandao, na kwenye kampuni iliyo ng'ambo.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Dai hili limechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kutokana na hisi tumepata kihisi, kama tulivyopata kinasa kutokana na nasa. Kipandikizi ni neno ambalo akina mama wamelizoea katika kliniki za uzazi wa mpango. Maneno yapo, kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia pale yanapohitajika. Mwanafunzi wetu hujifunza fizikia kwa Kiingereza na Kiswahili kama somo la pembeni, kisha siku nyanya yake anapoulizwa kama anaridhia kupandikizwa kifaa, kijana huyo aliyepata alama ya A katika masomo yote mawili hawezi kumfafanulia.

Wengine watasema kwamba hospitali zetu zina upungufu wa vitu vya lazima, sembuse vihisi vya moyo. Ni kweli. Lakini simu ya mkononi nayo ilianza ikiwa anasa ya wachache, na ilipotufikia tuliipokea pamoja na masharti tusiyoyasoma. Kifaa cha mfukoni mtu huweza kukitupa. Kilichomo ateri hakitupwi.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa fizikia na wa Kiswahili wakutane, hata kama ni kwa kipindi kimoja tu kwa muhula, wawape wanafunzi kazi ya kueleza kwa Kiswahili safi jinsi koili inavyotiwa nguvu kutoka mbali, wakimlenga msikilizaji asiyesoma. Na wizara inayohusika na afya ihakikishe kwamba karatasi ya ridhaa ya kifaa chochote cha namna hii inajibu maswali manne kwa Kiswahili: Nani anakitia nguvu? Nani anasoma kinachosema, na atafanya nini akishakisoma? Kampuni ikifungwa au ikiuzwa, nani atakihudumia? Nikitaka habari zangu zisitumwe tena, nitamwambia nani?

Pendekezo langu la mwisho ni la kiistilahi. Tuache kuviita vihisi bila betri. Tuviite vihisi vitiwavyo nguvu kutoka nje. Jina hilo ni refu kidogo, lakini linasema kweli, na anayelisikia hawezi kukosa kuuliza: nje kwa nani? Kuuliza si ujinga, na swali hilo sharti liulizwe kabla ya ngozi kufungwa.