Nyoka Naye Husikia Baridi

Wenzetu wa Klabu ya Sayansi wanataka tufuge chatu hapa shuleni. Sipingi, lakini nauliza: nani atamwashia taa usiku? Shule yetu ni ya kutwa. Baridi ya Julai ikiingia, sote tuko nyumbani chini ya blanketi.

Chatu hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Sanduku lake lahitaji upande wa joto, kama digrii 31 hivi, na upande wa kupoa, kama 25, ajichagulie. Baridi ikimzidi, chakula hakisagiki, hukitapika. Hewa ikiwa kavu mno, gamba kuukuu humng'ang'ania hata machoni. Unyevu nao ukizidi, ngozi hutoka vidonda.

Eti "mwana wa nyoka ni nyoka, stima ya nini?" La hasha! Wa porini hujiendea kuota jua. Huyu tutakuwa tumemfungia sisi.

Basi kama hatuna kibali cha serikali, balbu, kipimajoto na mtu wa kumwangalia wakati wa likizo, tusimfuge. Twendeni tukamtazame Snake Park, pale Makumbusho ya Nairobi.