Andika Jina la Dawa kwa Hiyo Bahasha

Wasee, leo si vichekesho. Najua wengi wenu mlikuja hapa kwa sababu ya zile video za makanga, lakini kuna kitu kimenikwama kooni tangu Disemba na sitakimeza.

Eastlands nzima kuna dawa inaitwa "ile ndogo". Unaingia kemisti, unasema unapiga chafya, macho yanawasha, ngozi inatoka vipele. Huulizwi kitu. Jamaa wa koti jeupe anafungua mkebe, anahesabu tembe kumi, anazimwaga kwa kabahasha ka kaki, anachukua biro anaandika 1x2. Hamsini. Anayefuata!

Jina la dawa liko wapi hapo? Halipo. Nguvu yake haipo. Tarehe ya kuharibika haipo. Kuna hesabu tu, moja mara mbili, kama ya darasa la kwanza. Ukinunua mkate wa sitini bob unasomewa mpaka chumvi iliyomo, lakini kitu kinachoingia kwa damu yako unapewa kama njugu.

Mathe yangu anauza mitumba Gikomba. Kama hujawahi kusimama karibu na beli ikifunguliwa, hujui vumbi ni nini. Jioni anarudi Dandora, na Dandora mnaijua. Lile jalala limekuwa pale tangu miaka ya sabini, likatangazwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia hadi leo. Shirika la UNEP lilipima watoto 328 wa maeneo hayo, ripoti ikatoka 2007: nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu kufikia au kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Kwa hivyo mtu wa huku akikwambia ana aleji usimcheke ati hiyo ni shida ya watu wa Lavington. Sisi aleji yetu haitoki kwa maua. Iko kwa vumbi, moshi, ukungu wa ukuta na mende. Ndiyo, mende. Kinyesi chake peke yake kinatosha kuamsha mzio na asthma.

Basi mathe alianza "ile ndogo" na ikamshika vizuri. Chafya zikaisha siku ya kwanza. Akirudia kuumwa, anarudia bahasha. Hivyo hivyo miaka miwili. Na katikati ya hiyo miaka uso ukaanza kujaa. Mashavu yakawa mviringo. Majirani kwa ploti wakasema, "Mama, umenona, biashara inaingia!" Mimi mwenyewe nilijivuna, nikadhani ni zile pesa ndogo ninazomtumia za video. Kumbe.

Disemba akaanguka sokoni. Hospitali wakapima sukari, ikasoma 14. Presha juu. Daktari akauliza anatumia dawa gani. Tukatoa bahasha tatu kwa pochi. 1x2, 1x2, 1x2. Daktari aliziangalia, akaniangalia mimi, hakusema kitu kwa muda. Sijawahi kuona aibu kama hiyo.

Nikarudi kwa yule jamaa wa kemisti. Nilisimama pale mpaka akaona heri anitolee mkebe. Nikausoma: betamethasoni na deksiklofenirameni. Hiyo ya pili ni antihistamini, dawa halisi ya aleji. Ya kwanza ni steroidi. Ni mchanganyiko ule ule ulio kwa Celestamine, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina na mnaiitisha kama chingamu.

Steroidi si sumu, ikitumiwa siku chache na mtu anayejua kwa nini amekupa. Ukiimeza miezi na miezi inakujaza uso na tumbo, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa na kinga ya mwili. Halafu kuna mtego mwingine: mwili unazoea, unaacha kutengeneza ile yake ya asili, na ukikatiza ghafla unaweza kuzimia. Kwa hivyo kama wewe au mzazi wako mmekuwa mkimeza kitu kama hiki kwa muda mrefu, msikitupe leo usiku kwa sababu mmesoma posti yangu. Nendeni hospitali mpunguziwe polepole. Mathe wanampunguzia mpaka sasa.

Najua komenti zinazokuja. "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unatufundisha dawa?" Sawa, niliacha, tena nilikuwa nasomea biashara. Lakini kusoma kibandiko hakuhitaji digrii. Kinahitaji tu kiwepo.

Ya pili: "Kemisti ndiyo hospitali ya maskini." Hiyo nakubali kabisa, na ndiyo sababu nimekasirika. Mama wa Gikomba hawezi kupanga foleni asubuhi nzima kwa sababu ya chafya, atapoteza wateja wa siku. Anategemea huyo mtu wa koti jeupe. Basi huyo mtu ana deni kubwa zaidi kwake kuliko kwa tajiri mwenye daktari wake. Na sababu ya kumpa steroidi ni moja tu: inafanya kazi haraka, na mteja anarudi. Antihistamini ya kawaida ingetosha. Nilinunua setirizini juzi, tembe kumi, hamsini bob ile ile. Moja kwa siku, miligramu 10 kwa mtu mzima. Hakuna aliyemwambia mathe kwamba ipo.

Hata hizo za kawaida zina adabu zake. Piriton ni ya kizazi cha kwanza, inaingia mpaka kwa ubongo, ndiyo maana unasinzia. Mtu mzima ni tembe moja ya miligramu 4 kila saa nne hadi sita, na isizidi sita kwa siku nzima. Ukiwa mtu wa boda na umeimeza asubuhi, wewe ni hatari kwa abiria wako. Ukiongeza pombe ni mbaya zaidi. Dawa nyingi za homa na mafua zina hiyo hiyo ndani, kwa hivyo ukimeza zote mbili umejipa dozi mara mbili bila kujua, na utajuaje kama zote ziko kwa kaki? Mzee mwenye shida ya tezi dume inaweza kumziba mkojo. Na akina mama wa ploti, nawapenda, lakini kumpa mtoto sirapu ya Piriton ndiyo alale ufue nguo, hapana. Chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa bila daktari.

Setirizini na loratadini ni nafuu kwa usingizi, ingawa setirizini bado inawalaza watu wengine. Jipime kwanza siku huna safari. Na mtu akivimba midomo au koo, akashindwa kupumua, hiyo si ya tembe yoyote. Anahitaji sindano ya adrenalini. Hospitali, mbio.

Sasa niseme yangu, kabla mtu hajachimbua. 2023 nililipwa elfu nne nitangaze vidonge vya "kuongeza hips". Sikuuliza ni nini. Baadaye nikajua biashara hiyo inatembea kwa siproheptadini, antihistamini ya zamani inayofungua hamu ya kula, na mara nyingine wanachanganya na steroidi. Vyangu vilikuja kwa mfuko wa plastiki, bila jina. Video nimeitoa. Kuna madem walinunua kwa sababu ya uso wangu, na siwezi kuitoa hiyo. Kwa hivyo nikimtukana yule wa koti jeupe, najua niko naye kwa benchi moja.

Lakini yeye ana leseni, mimi sina. Bodi ya Famasia na Sumu ipo, na Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ipo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na kile alichonunua. "1x2" si habari.

Kwa hivyo nataka mfanye hivi. Chukua bahasha yoyote iliyo kwa kabati yenu, irudishe pale pale ilipotoka, na useme, "Boss, niandikie jina na miligramu." Usipige kelele. Simama tu kando ya kaunta. Mimi nilisimama dakika ishirini na wateja nyuma yangu wakaanza kutoa bahasha zao pia, mzee mmoja alikuwa na nne. Akituandikia wote, alitumia biro ile ile.

Wakikataa, niandikieni hapa chini mtaa wenu, tutaenda pamoja Jumamosi.