Mchanganyiko wa Ngoma Usimpoteze Mwenyewe

Wapo wananchi waaminio kwamba mtu akiichanganya ngoma ya kwao na ala za kigeni, ameinajisi. Wakisikia kuwa ng'ambo wako watunzi wanaounganisha zumari za mfuko za Waskoti na gamelani, yaani zile ala za shaba za kisiwa cha Java, hucheka. Sisi hatucheki, wala hatuharakishi kupiga makofi. Tunauliza neno moja tu: katika mchanganyiko huo, mwenye ngoma yu wapi?

Kuchanganya si jambo geni kwetu. Ngoma ya beni ilizaliwa kwa kuziiga bendi za majeshi ya wakoloni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikaenea Tanganyika. Ndugu zetu wa pwani za Ziwa Nyasa wakafanya mganda wao: mahali pa tarumbeta za shaba wakapuliza vibuyu. La mkoloni likawa la mwananchi. Naye Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisikitikia kasumba iliyotufanya tuzidharau ngoma zetu. Lakini hakutuamuru tuwafungie wengine mlango. Alitaka tujifunze kwao tukiwa na chetu mkononi.

Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alifanya hivyo hasa. Hakwenda ng'ambo mikono mitupu. Alikwenda na ilimba, zeze na sauti yake. Mwaka 2002 ilitoka santuri iitwayo Assembly, aliyoitengeneza pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Gitaa na mitambo ya umeme viliifuata ilimba, na jina la Zawose likaandikwa waziwazi. Alifariki Desemba 2003, na sifa yake ingalipo.

Sasa tutazame hapa Nambambo. Nachingwea na Ruangwa zina ngoma za Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua. Akija mgeni na chombo cha kunasia sauti, akauchukua mlio wa sindimba na kuutia katika muziki wake, atamlipa nani? Ataandika jina la nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua hata sanaa za jadi. Lakini ni vigumu sheria kumtetea mtu asiyejulikana.

Kwa hiyo twasema: vikundi vya ngoma viandikishwe, nyimbo zinaswe pamoja na majina ya wapigaji na vijiji vyao, asipige mtu ngoma kwa ajili ya santuri ya mwingine pasipo mkataba ulioandikwa. Zaidi ya yote, vijana wakae na wazee wajifunze kuchonga, kuwamba na kupiga, maana mkataba haumfai asiye na cha kuuza.

Mkataa kwao ni mtumwa. Zumari na zije, shaba za Java nazo zije. Zikute ngoma imekwisha wambwa, na mwenyewe yupo.